Karatasi Mpya Haishiki Ukuta Mbovu: Jinsi ya Kutengeneza Lipu Kabla ya Kubandika

Karatasi za ukutani mara nyingi hununuliwa kwa sababu ukuta umechoka. Kuna nyufa, kuna mahali lipu imemeguka, kuna matundu ya misumari na madoa ambayo rangi imeshindwa kuyaficha, basi mwenye nyumba anaona heri aufunike wote kwa karatasi nzuri. Wiki chache za mwanzo huonekana amepatia. Kisha maungio yanaanza kufunguka, mapovu yanatokea palipokuwa tambarare, na siku moja kipande kizima kinabanduka kikiwa kimeng'ang'ania rangi ya zamani, pengine na lipu yenyewe kwa nyuma. Lawama huenda kwa gundi. Lakini ukitazama mgongo wa kipande kilichoanguka utaona gundi ilifanya kazi yake barabara: ilishika, ila ilishika kitu ambacho chenyewe hakikuwa kimeshika chochote.

Ili kuelewa kwa nini, tazama karatasi inavyofanya ikipakwa gundi. Nyuzi zake hunyonya maji, huvimba, na karatasi inapanuka, zaidi kwa upana kuliko kwa urefu. Roli yenye upana wa sentimita 53, ambacho ni kipimo cha kawaida, inaweza kuongezeka milimita kadhaa. Inapokauka inataka kurudi ilivyokuwa, lakini gundi imekwisha kuifunga ukutani, kwa hiyo inajiwamba kama ngozi ya ngoma. Mvuto huo wote unaishia kwenye uso wa ukuta, hasa kwenye maungio. Karatasi za nyuzi zisizofumwa, zile ambazo gundi hupakwa ukutani badala ya kwenye karatasi, hazipanuki kwa kiasi hicho, na ndiyo sababu asiye fundi huziona rahisi. Hata hizo, zikiwa nzito, zinahitaji ukuta wa kuzibeba.

Kwa hiyo ukuta unatakiwa uwe na sifa nne kabla ya karatasi kuugusa. Uwe mkavu. Uwe umeshikamana, tabaka kwa tabaka, mpaka kwenye tofali au fito zinazoubeba. Unyonye maji sawasawa kila mahali. Mwisho, uwe laini. Mpangilio huo una maana yake, kwa sababu sifa ya juu ikikosekana, zote za chini yake zinaharibika. Puti safi, ile ya kuzibia na kulainisha, ikipakwa juu ya lipu yenye unyevu itatoka. Praima bora, yaani rangi ya kutangulia, ikipakwa juu ya rangi inayobanduka itabanduka nayo. Kazi nyingi zilizoharibika zimeharibika kwa kuanzia mwisho: mtu anakimbilia puti na msasa, kwa kuwa ulaini ndio unaoonekana kwa macho.

Ukuta uwe mtupu kwanza

Karatasi ya zamani itoke yote. Ukibandika juu yake, maji ya gundi mpya yanalainisha gundi ya chini, na mvuto niliouelezea unazing'oa karatasi zote mbili kwa pamoja. Karatasi za vinili tabaka lake la juu huvulika kwa mkono na kuacha karatasi nyembamba ukutani. Hiyo iloweshe kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, subiri dakika 10 hadi 15, iloweshe tena, kisha ikwangue kwa skrepa pana uliyoilaza karibu sambamba na ukuta. Subira hiyo ndiyo inayookoa lipu. Anayekwangua karatasi kavu anachimba kwa mkono wake mashimo atakayoyaziba kesho. Mashine ya mvuke huharakisha kazi, lakini isikae mahali pamoja kwa muda mrefu, maana joto na unyevu hulegeza skimu ya jasi, lile tabaka jembamba la mwisho juu ya lipu. Na kabla ya tone lolote la maji, zima umeme wa chumba kwenye swichi kuu na ufunike soketi.

Karatasi ikishatoka, inabaki gundi, nayo haionekani ukuta ukiwa mkavu. Lowesha kiganja uupitishe ukutani: pakiteleza, gundi bado ipo. Kwa gundi ya wanga kuna kipimo kizuri zaidi, nacho ni tone la ayodini iliyozimuliwa kwa maji. Likigeuka buluu iliyokolea mpaka karibu nyeusi, wanga upo. Gundi za selulosi hazigeuzi rangi hiyo, hivyo kiganja bado kinahitajika. Osha kwa maji ya moto na sponji, ukibadilisha maji mara kwa mara, kwa kuwa ndoo ya maji machafu inairudisha gundi ileile ukutani. Hatua hii huachwa kuliko zote, nami naisisitiza kwa sababu madhara yake hayaonekani siku hiyo. Gundi iliyobaki hupasua praima kuwa vinyufa vidogovidogo, na juu ya hapo ni chakula cha kuvu.

Kuvu wa ukutani si suala la sura ya chumba peke yake. Katika karne ya 19 karatasi nyingi za kijani barani Ulaya zilitiwa rangi zenye aseniki, mojawapo ikiwa ile iliyotengenezwa na mkemia Carl Wilhelm Scheele mwaka 1775. Katika miaka ya 1890 Mwitalia Bartolomeo Gosio alionyesha kwamba kuvu fulani, wakiota juu ya chakula cha wanga kilichotiwa aseniki, hutoa gesi yenye sumu hiyo. Kwa hiyo anayefungua ukuta wa jengo la kale sana akakuta matabaka ya kijani, asiyapige msasa mkavu. Tahadhari hiyohiyo ishikwe kwa rangi zenye risasi. Marekani ilipiga marufuku matumizi yake majumbani mwaka 1978, na nyumba nyingi za kabla ya hapo, huko na kwingineko, bado zinayo chini ya rangi mpya. Ukiwa na shaka, pima kwanza. Vumbi la risasi hudhuru ubongo wa watoto, na hakuna ukuta mzuri unaostahili gharama hiyo. Rangi nene za zamani zenye mapambo ya mikwaruzo nazo huenda zikawa na asbesto. Hizo ziachiwe wenye ujuzi na vifaa vya kuziondoa.

Maji yanatoka wapi?

Hakuna puti wala praima inayoshinda maji yanayokuja kutoka nyuma ya ukuta. Hapa ndipo panapostahili muda mwingi kuliko hatua nyingine yoyote, maana lipu ikiwa na maji ndani, kila kitu utakachokipaka juu yake kinahesabu siku.

Ukuta wenyewe hukuambia chanzo, ukijua pa kutazama. Maji yanayopanda kutoka ardhini huacha mstari wa doa unaokwenda na ukuta, kwa kawaida chini ya mita 1 hivi kutoka sakafuni, na karibu na mstari huo kuna unga mweupe wa chumvi. Mara nyingi nje ya ukuta huo utakuta udongo umelundikana juu kuliko usawa wa sakafu ya ndani. Maji yanayoshuka kutoka paani au kwenye bomba lililopasuka huacha doa la kahawia lenye ukingo uliokolea, na doa hupanuka baada ya mvua au bomba linapotumika. Mvuke wa ndani ya chumba unaoganda ukutani haufanyi mstari wala ukingo. Huo huonekana kama vidoti vyeusi vya kuvu kwenye pembe za chumba, nyuma ya makabati na kwenye kuta za nje ambako hewa haizunguki.

Kama huna uhakika kati ya unyevu wa ukuta na ule wa chumba, chukua kipande cha plastiki angavu chenye upana wa kama nusu mita, kibandike ukutani kwa utepe kingo zote nne bila kuacha upenyo, ukiache siku 2. Matone yakionekana upande unaotazama ukuta, maji yanatoka ndani ya lipu. Yakiwa upande wa chumba, shida ni mvuke, na tiba yake ni hewa: kufungua madirisha, kusogeza makabati, kuutoa nje mvuke wa kupikia na wa kuogea.

Unga mweupe wa chumvi uswakwe kwa brashi kavu na ukusanywe. Usiuoshe, kwa kuwa maji huiyeyusha chumvi na kuirudisha ndani ya lipu, nayo itatoka tena ukuta ukikauka. Kuna chumvi, hasa za kloridi na naitreti, ambazo hufyonza unyevu kutoka hewani hata baada ya chanzo cha maji kuzibwa. Ukuta uliojaa chumvi hizo hulowa siku za unyevunyevu na kukauka siku za jua, mwaka hadi mwaka. Lipu ya namna hiyo haitengenezeki. Inabomolewa mpaka kwenye tofali na kupigwa upya. Najua hakuna anayependa kusikia hivyo akiwa tayari ameshachagua karatasi, lakini kuibandika pale ni kuitupa.

Chanzo kikishazibwa, ukuta upewe nafasi ya kukauka, na hilo huchukua wiki kadhaa, si siku kadhaa. Hewa inayozunguka inakausha vizuri kuliko joto kali, ambalo hukausha uso tu na kuupasua huku ndani kungali na maji.

Gonga, usikilize

Ukuta ukiwa mkavu na mtupu, pita kila sehemu yake ukigonga kwa vifundo vya vidole. Anza pembeni mwa mlango au dirisha, maana huko ndiko lipu huachia kwanza. Lipu iliyoshika hutoa mlio mfupi, mzito, na kidole kinauma kidogo. Iliyoachia hutoa mlio wa uwazi, na ukiweka kiganja cha mkono mwingine karibu unausikia mtikisiko. Shika penseli: kila mlio unapobadilika weka alama, halafu unganisha alama. Ukimaliza utakuwa na ramani ya maeneo yaliyoachia, na mara nyingi maeneo hayo hayako pale ulipokuwa umeona nyufa.

Si kila penye uwazi pabomolewe. Sehemu ndogo kuliko kiganja, isiyotikisika ukiisukuma na isiyozungukwa na ufa, mimi naiacha. Inaweza kukaa miaka mingi, na kuipiga tindo mara nyingi hulegeza lipu nzima iliyo jirani. Sehemu inayobonyea, au iliyotokeza nje kidogo ukiweka ubao mnyoofu juu yake, lazima itoke.

Kwenye majengo ya zamani ambayo lipu ilipigwa juu ya fito za mbao, mambo ni tofauti kidogo. Lipu hiyo ilisukumwa ikiwa mbichi mpaka ikapenya kati ya fito na kujikunja kwa nyuma. Vifundo hivyo vya nyuma ndivyo vinavyoishikilia. Vikivunjika, lipu inabaki imening'inia kwa uzito wake yenyewe. Kama lipu bado ni nzima, inaweza kurudishwa kwa skrubu zilizovishwa vishikizo vipana vya duara, au kwa gundi inayodungwa kupitia matundu madogo kisha lipu ikagandamizwa mpaka gundi ishike. Ni kazi ya polepole, ila kwenye nyumba ya zamani nzuri inafaa kuliko kubomoa.

Pale unapobomoa, anzia katikati ya sehemu mbovu ukielekea kingo, na tindo ulaze badala ya kuisimamisha, ili pigo lisiingie kwenye lipu nzima. Kingo zichongwe ziingie ndani kidogo, tundu liwe pana zaidi kwa ndani kuliko kwa nje, ili kiraka kisiweze kutoka. Kisha ondoa vumbi lote. Vumbi huonekana jambo dogo, lakini kiraka kilichopigwa juu ya vumbi kimeshika vumbi, si tofali.

Kiraka kifanane na ukuta

Kuna lipu za aina kuu tatu, na kila moja hukauka kwa njia yake. Lipu ya jasi hutokana na jiwe la jasi lililochomwa kwenye joto la kama nyuzi 150 za Selsiasi mpaka likapoteza robo tatu ya maji yaliyofungwa ndani yake. Ukiitia maji inayarudisha na kugeuka jiwe tena, kwa kawaida ndani ya saa moja au mbili. Haisinyai inapokaza, hupanuka kiasi kidogo sana, na kwa hilo inafaa sana kwa kuzibia. Lipu ya chokaa hukaza kwa kunyonya hewa ya ukaa kutoka nje, taratibu sana, wiki na miezi, na hubaki laini, yenye kunyumbulika kidogo na yenye kupitisha mvuke. Lipu ya saruji hukaza kwa maji kama jasi lakini kwa siku nyingi, huwa ngumu kuliko zote, na husinyaa.

Kuzitambua si vigumu. Kwaruza kwa ncha ya bisibisi. Jasi ni nyeupe au ya waridi, laini, na inatoa unga mwororo. Saruji ni ya kijivu na inakataa bisibisi. Chokaa ni nyeupe iliyochakaa, ina mchanga, na katika kuta za zamani unaweza kuona manyoya ya wanyama ndani yake, yaliyotiwa ili kuifunga. Ukibaki na shaka kati ya chokaa na jasi, dondoshea siki: chokaa iliyokaa hutoa povu, jasi safi haitoi.

Kanuni ambayo mafundi wa lipu huishika ni kwamba tabaka jipya lisiwe gumu kuliko lile linalolibeba. Kiraka cha saruji katikati ya ukuta wa chokaa kinasinyaa, kinakataa kunyumbulika pamoja na ukuta, na kinauzuia mvuke usipite, hivyo unyevu unakusanyika kwenye kingo zake. Baada ya muda ufa unachora umbo la kiraka chote, na karatasi juu yake inauonyesha wazi. Chokaa izibwe kwa chokaa, au kwenye sehemu ndogo na kavu kabisa, kwa jasi. Usichanganye jasi na saruji kwenye ndoo moja ili kuharakisha kukaza: mahali penye unyevu viwili hivyo hufanya fuwele zinazovimba na kuipasua kazi.

Jambo jingine linaloharibu viraka ni kiu ya lipu ya zamani. Lipu kavu huyanyang'anya maji mchanganyiko mpya kabla haujakaza. Jasi iliyoporwa maji haigeuki jiwe, inabaki unga ulioshikana kidogo, na ndiyo sababu kiraka kinaonekana kizuri siku ya kwanza kisha kingo zake zinaanza kupukutika. Lowesha kingo na sehemu ya ndani kwa brashi, subiri maji yanyonywe, lowesha tena, na upige lipu wakati uso ni mnyevu bila kumeremeta. Tundu lenye kina lijazwe kwa matabaka, kila tabaka likikwaruzwa kabla halijakaza ili linalofuata lipate pa kushika. Acha milimita 2 au 3 za mwisho kwa ajili ya skimu, na uvute ubao mnyoofu kutoka lipu nzima ya upande mmoja hadi ya upande wa pili ili kiraka kisivimbe wala kuzama.

Puti za kopo zilizokwisha kuchanganywa hukauka kwa maji kuvukizwa tu, kwa hiyo zinasinyaa. Zinafaa kwa matundu ya misumari na kwa kulainisha mwishoni. Kujaza nazo shimo la sentimita 3 ni kulipua kazi.

Ufa unaotulia na ufa unaotembea

Vinyufa vyembamba kama unywele vilivyotapakaa ukuta mzima ni vya skimu iliyokauka haraka. Havina hatari, kwaruza uone kama skimu imeshika, na kama imeshika, praima na tabaka jembamba la puti vinatosha. Ufa wa mshazari unaoanzia kwenye pembe ya mlango au dirisha unasema jengo limecheza mahali fulani. Swali ni kama limetulia.

Ili kujua, chora mstari mfupi wa penseli unaoukata ufa, andika tarehe na upana wake, na weka alama nyingine kwenye ncha zake mbili. Urudie baada ya wiki kadhaa, na kama inawezekana baada ya msimu kubadilika, maana udongo wa mfinyanzi huvimba kwa mvua na kusinyaa kwa ukame. Mistari ikiwa bado inaoana, ziba. Ikiwa imehama, karatasi isubiri. Na ufa uliozidi milimita 5, au ambao upande mmoja umetokeza kuliko mwingine, utazamwe na mhandisi kabla ya fundi wa rangi. Hapo shida haiko kwenye lipu.

Ufa uliotulia hauzibwi kwa kupakwa puti juu juu. Ufungue kwa ncha ya skrepa mpaka upate upana wa milimita 3 au zaidi na uone kingo ngumu, toa vumbi, lowesha, ujaze kwa kusukuma puti ndani kabisa. Ikikauka, weka utepe wa wavu wa nyuzi za kioo juu yake na uupitishie puti nyembamba inayopotea kila upande kwa sentimita 10 au zaidi. Kuisambaza hivyo kunafanya jicho lisiweze kupata mahali puti inapoanzia. Ungio la ukuta na dari hucheza daima, na hapo pajazwe kizibo kinachonyumbulika. Puti ngumu itafunguka tena.

Kunyonya sawasawa

Sasa una ukuta wenye viraka vipya, rangi ya zamani, puti na lipu tupu, kila kimoja kikinyonya kivyake. Gundi ikipakwa juu ya mchanganyiko huo, penye kiu inakauka kabla hujaisogeza karatasi, na penye rangi ya mafuta inabaki mbichi kwa siku. Nyunyiza maji kidogo sehemu mbalimbali utaona: kwingine yanazama papo hapo, kwingine yanateremka bila kuingia.

Rangi ya zamani ipimwe kwanza kama imeshika. Chora alama ya X kwa wembe, bandika utepe wa gundi juu yake, ukandamize, uuvute kwa nguvu. Rangi ikitoka nao, ikwanguliwe yote, kwa sababu karatasi itaivuta kwa nguvu kuliko utepe. Rangi ya mafuta inayong'aa iparuzwe kwa msasa mpaka mng'ao ufe. Vichwa vya misumari na skrubu vinavyobaki ndani ya lipu vipakwe rangi ya mafuta, la sivyo kutu itapenya jasi na kutokeza kwenye karatasi kama vidoti vya kahawia. Madoa ya maji yaliyokauka nayo yafungwe hivyohivyo, maana praima ya maji huyayeyusha na kuyapandisha juu.

Kisha ukuta mzima upakwe praima iliyotengenezwa kwa ajili ya karatasi za ukutani. Hiyo inasawazisha kiu, inaipa gundi muda wa kusogezwa, na siku karatasi itakapotolewa itatoka bila kuing'oa lipu. Ikiwa na rangi inayokaribiana na ya karatasi ni bora zaidi, kwa sababu karatasi nyembamba huonyesha weupe wa puti kwa chini. Njia ya zamani ni kupaka gundi ileile ya karatasi ikiwa imezimuliwa kwa maji mengi, nayo inafaa kwa lipu tupu iliyo nzima. Gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa, ambayo wengi huipenda kwa urahisi wake, siipendekezi. Inafanya ngozi juu ya ukuta, na maji ya gundi ya karatasi yanaweza kuilainisha upya. Ukifika hapo karatasi imeshikiliwa na utando unaoteleza.

Ulaini, na muda

Ni sasa tu msasa mwembamba unapostahili kushikwa. Zima taa ya chumba, shika tochi ukiilaza sambamba na ukuta, upeleke mwanga wake kwa mshazari. Kila kovu la mwiko, kila ukingo wa puti na kila punje ya mchanga itatupa kivuli. Weka alama ya penseli pale tu penye kivuli, rekebisha hapo, tia praima hapo tena, umulike upya. Vaa barakoa na ufute vumbi kwa sponji yenye unyevu kidogo. Karatasi yenye kung'aa itaonyesha kila kitu ulichokiacha. Yenye mchoro uliojaa au uso wa mafundofundo huficha zaidi.

Skimu nyembamba ya jasi huonyesha ukavu kwa rangi: ikiwa mbichi imekolea, ikikauka hufifia mpaka ukuta wote uwe wa rangi moja. Lipu nzima iliyopigwa upya husubiri wiki nyingi. Ile ya saruji au chokaa ina sababu ya pili ya kusubiri: ikiwa changa ina ualikali mkali unaoweza kubadilisha rangi za karatasi na kudhoofisha baadhi ya gundi, kwa hiyo ikishakauka ipakwe praima inayohimili ualikali. Kwenye kuta za chokaa zinazohitaji kupumua, chagua karatasi ya kawaida badala ya vinili, kwa kuwa vinili hufungia mvuke nyuma yake.

Ukuta ambao umejitahidi ukabaki na mawimbi madogo, au wenye viraka vingi, ubandikwe kwanza karatasi nyeupe isiyo na mchoro, ile inayotangulia karatasi ya mapambo. Hubandikwa kwa kulala, kutoka kushoto kwenda kulia, ili maungio yake yasije yakalingana na ya karatasi ya juu inayoteremka wima. Vipande vyake visipandane. Viachiwe mwanya mwembamba kama wembe, kwa sababu ukingo uliopanda juu ya mwingine utaonekana chini ya karatasi ya mapambo. Iache saa 24 hadi 48 ijiwambe na kukauka kabisa kabla ya kuning'iniza timazi na kuchora mstari wa kipande cha kwanza.